Moshi Ndani ya Krimu

Kwa miezi minane nilitengeneza kitu kimoja tu, na hadi leo mtu akiniuliza kilikuwa kitu gani, nachoka kabla sijaanza kueleza. Chini kulikuwa na biskuti nyembamba. Juu yake karameli ya ndizi mbivu. Juu ya karameli krimu ya kahawa, iliyopigwa hadi ikawa nyepesi, ikatiwa jeletini, ikagandishwa ndani ya bakuli la duara mpaka ikatoka kama nusu ya mpira. Ikishaganda kama jiwe unaimwagia chokoleti ya uvuguvugu, na chokoleti hiyo inatakiwa ing'ae kiasi kwamba ukiinama unauona uso wako.

Nilikiona kwenye simu, katika video ya mpishi ambaye lugha yake sikuielewa hata neno. Niliitazama mpaka nikajua ni sekunde ipi anafuta jasho. Sikusoma chuo chochote cha upishi. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu, nikamaliza, nikakosa ajira, nikaja Bukoba kukaa na dada yangu nikisubiri ajira itokee, na katika kusubiri nikaanza kuoka.

Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyenipa chumba, friji na nusu ya jiko katika nyumba aliyopanga Kibeta. Kile kitu changu alikiita kichuguu. Asubuhi akitoka kwenda kazini hakunisalimu mimi kwanza.

"Kichuguu kimeamkaje?"

"Kimepasuka pembeni."

"Poleni."

Sijui tabia hii niliitoa wapi. Mama anasema nilipokuwa darasa la pili nilikuwa nafuta herufi mpaka karatasi inatoboka, halafu nalia kwa sababu karatasi imetoboka. Siku hizi silii, lakini nafuta bado. Nilipima sukari kwa mizani, nikaipima tena kwa hofu kwamba mizani imenidanganya. Nilipima unene wa biskuti kwa rula ya dada, ile anayochorea ubaoni. Kichuguu kikiwa na kitone kimoja cha hewa juu ya chokoleti, kwangu hicho kilikuwa kimeharibika. Siku moja nilimwaga sita chooni, na dada aliporudi nikamwambia nimewagawia majirani. Akasema vizuri, ni jambo jema kujuana na watu. Nilishindwa kumtazama.

Nilitaka nafasi moja. Hoteli iliyo karibu na ziwa ilikuwa inatafuta mtu wa vitindamlo, na shefu wao alikuwa amesema nilete kitu aonje. Nilitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka chochote, na niliitaka vibaya, kama mtu anayebeba yai mkononi barabarani siku nzima.

Shida ya kwanza ilikuwa krimu. Hapa mjini ya kupiga haipatikani kirahisi, na boksi nililoagiza Mwanza lilifika limejitenga, maji upande wake na mafuta upande wake. Maziwa ya mjini hayatoi krimu ya maana. Nikamkumbuka bibi yetu, mama yake mama, anayeishi Kimwani kule Muleba, na ng'ombe wake. Kila Jumatano asubuhi alimpa konda wa basi mkebe wa aluminiamu uliojaa maziwa, nami nikaupokea stendi mchana. Nikayaacha maziwa kwenye friji mpaka kesho yake, nikaengua mafuta ya juu kwa kijiko kipana. Ilikuwa krimu kweli. Ilikuwa na unjano kidogo, nzito, na ikipigwa ilisimama haraka. Katika kichuguu chote, kitu pekee nilichokuwa sina wasiwasi nacho ni krimu ile.

Siku ya kwanza nilifika hotelini saa nne asubuhi, sanduku la barafu mapajani juu ya bodaboda. Shefu alikuwa mwenyeji wa Tanga, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliizungusha sahani taratibu. Akainama, akajiona kwenye chokoleti, akarekebisha kofia yake. Nilidhani hapo nimemaliza. Akakata, akala.

"Umeunguza," akasema.

"Nini, shefu?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyepika. Kuna moshi humu."

Akampa kijiko msaidizi wake, mwanamke wa makamo kutoka Singida. Naye akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Nikaonja mimi. Nikaonja mara ya pili. Niliona kahawa, niliona ndizi, niliona krimu. Moshi sikuuona.

"Nenda karekebishe, ulete tena," akasema shefu, na hakusema kwa ukali. Ukali ningeuelewa.

Nataka nieleze wiki zilizofuata bila kujionea huruma, ingawa ni vigumu. Nilikuwa natafuta kosa ambalo ulimi wangu haukulijua. Nilianza na karameli. Niliiondoa motoni mapema, kisha mapema zaidi, mpaka ikawa na ladha ya dawa ya kikohozi ya watoto. Nikahamia kwenye kahawa, ambayo nilikuwa naikaanga mwenyewe. Nikaikaanga kidogo hadi ikawa inanuka majani. Nikabadilisha unga wa biskuti. Nikasugua oveni kwa limau na magadi, nikalala chali sakafuni kuangalia juu ndani yake kwa tochi ya simu. Kila mara nilimpa dada aonje.

"Kuna moshi?"

"Hakuna."

"Onja tena, usiwe na haraka."

"Mdogo wangu, nimeonja. Ni tamu. Nina madaftari sitini ya kusahihisha."

Dada naye hakuuona. Hilo lingenifungua macho kama ningekuwa na akili iliyotulia. Badala yake nilimgeukia yeye. Nilimwambia amekaangia dagaa kwenye sufuria yangu ya karameli. Akasema hajaigusa. Nikamwambia harufu haiwezi kuingia yenyewe. Aliweka kalamu nyekundu chini akaniambia kwamba nyumba ni yake, sufuria ni yake, hata dagaa wenyewe ni wake, na kama nataka jiko la peke yangu nijue njia ya kwenda kulijenga. Siku mbili hatukusalimiana. Kichuguu hakikuulizwa kimeamkaje.

Aliyenisaidia alikuwa jirani yetu, muuguzi aliyehamia kutoka Lindi. Jumapili moja nilimwomba aje, nikampangia mezani vijiko vitano, kila kijiko na kitu chake: biskuti, karameli, kahawa, chokoleti na krimu tupu. Nilimfunga macho kwa mtandio wake mwenyewe. Alicheka sana.

"Mwanangu, hii ni kliniki au uganga?"

"Onja tu, nesi."

Akaonja cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano alipokitia mdomoni tu akavua mtandio.

"Hiki hapa. Ni maziwa. Maziwa yenu ya huku yana moshi, mbona kila mtu anajua? Mimi tangu nihamie nanunua ya pakti."

Kila mtu. Nikalamba kijiko kilekile. Kilikuwa na ladha ya maziwa.

Siku hiyohiyo nikampigia bibi. Hapa lazima niseme kitu kuhusu Kihaya changu. Ni Kihaya cha kusalimia na kuitikia chakula. Mazungumzo yakiwa mazito naangukia kwenye Kiswahili, naye bibi ananifuata huko kwa upole, kwa Kiswahili chake cha kanisani na cha mnadani.

"Bibi, yale maziwa yananuka kidogo."

Nilisikia kuku kwa nyuma.

"Yananuka."

"Kidogo tu, Bibi. Ukishaengua krimu."

"Waitu, jamani. Nisamehe, mwana wange. Nitaangalia."

Nilifurahi kwamba limekwisha kirahisi hivyo. Jumatano mkebe ulikuja unang'aa kuliko siku zote, umesuguliwa mpaka mpini. Muuguzi alikuwa zamu wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyeonja ila mimi na dada, na mimi na dada tulikuwa watu bure. Nikapika, nikapanda bodaboda, nikaweka sahani mbele ya shefu.

Alikula kijiko kimoja akakilaza kijiko pembeni ya sahani.

"Binti, safari hii umetia mkaa wenyewe?"

Msaidizi wake alinusa tu, hakuonja.

"Mwisho wa mwezi natakiwa nimpe meneja jina," akasema shefu. "Kuna kijana yuko Mwanza anaitaka hii nafasi. Nakupa Ijumaa ya wiki ijayo. Ni mara ya mwisho, na sitaki kukuona unalia, mkono wako ni msafi. Lakini huo moshi uniondolee."

Sikulia. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Jumanne iliyofuata nikapanda basi kwenda Kimwani.

Nilifika alasiri. Bibi alikuwa uani, ameinama, hakunisikia. Mbele yake kulikuwa na kijungu cha udongo chenye makaa machache na nyasi kavu juu yake, na juu ya kijungu alikuwa ameufunika mkebe ule wa kuniletea maziwa, mdomo chini, moshi ukiingia ndani taratibu. Kando yake kibuyu cha kukamulia kilikuwa kinasubiri zamu. Likizo zangu za utotoni zilipita katika ua ule. Nilikuwa nimeshaliona jambo lile mara nyingi mno kiasi kwamba nilikuwa silioni tena kama kazi inayofanywa na mtu. Lilikuwa kama kufagia, kama kufungua mlango asubuhi. Katika kusugua oveni kote, halikunijia.

Alipogeuka akaniona, alianza kujieleza kabla hata ya salamu.

"Uliposema yananuka sikulala. Tangu niolewe, hakuna mtu aliyewahi kuniambia maziwa yangu yananuka. Hata mama mkwe, na alikuwa mtu wa maneno. Nikasema basi chombo kimenishinda. Sasa nasugua kwa majivu mara tatu, na nafukiza asubuhi na jioni. Nyasi hizi nimezifuata kule bondeni, za hapa karibu hazina nguvu." Akauinua mkebe akanisogezea. "Nusa. Bado yananuka?"

Niliingiza uso ndani ya mkebe. Ningependa kuandika kwamba hatimaye niliusikia ule moshi, lakini sikusikia kitu zaidi ya mkebe wa bibi.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikichanganya lugha mbili, nikiogopa kila neno.

"Kwa hiyo moshi ndio unanuka," akasema.

"Haunuki, Bibi. Una harufu."

"Harufu nzuri au mbaya?"

"Nzuri. Lakini siyo ya hotelini."

"Hotelini wanakunywa maziwa ya namna gani?"

"Yasiyo na harufu."

"Maji, basi."

Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda akayatazama makaa, na nikaona kwamba zile siku tisa alizobeba aibu hazikumtoka kwa sababu tu nimesema halikuwa kosa lake. Mtu wa umri wake kwenda bondeni kukata nyasi kwa sababu ya neno nililolichagua kwa haraka. Baadaye alikamua, akanipa kikombe. Nilikaa nacho mpaka kikapoa, nikitafuta moshi kwenye kila funda. Maziwa yalikuwa maziwa. Nikaanza kuogopa kitu kingine: kama ulimi wangu haujui hili, ni mangapi mengine ndani ya mikono yangu ambayo kila mtu anayaona ila mimi? Miezi minane nilikuwa najiamini kwa kitu kimoja, kwamba walau kosa nikilifanya nitalijua.

Nilikuwa nimekuja na ndoo mpya ya plastiki yenye mfuniko. Nikamwomba asubuhi akamulie humo moja kwa moja, asifukize chochote.

"Hayatafika," akasema.

"Yatafika, Bibi. Nitayabeba mwenyewe, basi linatoka mapema."

"Unadhani tunafukiza ili yanukie? Ule moshi ndio unayatunza." Akaniangalia, akaacha. "Haya. Wewe ndiye msomi wa maziwa."

Jumatano asubuhi alikamulia kwenye ndoo, na mimi nikasimama pembeni kama askari. Basi lilipata pancha kabla ya Muleba mjini, tukakaa juani muda mrefu, ndoo katikati ya miguu yangu. Nilifika Kibeta mchana umekwenda sana. Nikaiweka kwenye friji, nikajizuia kufungua.

Alhamisi asubuhi nikafungua. Nikainamisha ndoo na maziwa hayakutembea. Yalisogea yote kwa pamoja, bonge moja, na maji ya kijani hafifu pembeni. Yalikuwa machachu kama mtindi wa siku tatu. Nilikaa sakafuni mbele ya friji, mlango wazi, na dada akapita akitafuta viatu.

"Vipi?"

"Yameganda."

"Si ndivyo ulivyokuwa unataka?" Kisha akauona uso wangu, akafunga mlango wa friji kwa goti lake, akakaa chini na mimi, na sketi yake ya kazini. Akachelewa kipindi cha kwanza kwa sababu yangu, na kwa hilo pia sijawahi kumwomba radhi.

Nikampigia shefu. Nilikusudia kumwambia ampe nafasi kijana wa Mwanza. Hiyo ilikuwa hotuba yangu, nilikuwa nimeipanga.

"Shefu, sina krimu."

"Una nini?"

"Maziwa yaliyoganda."

"Basi lete hayo," akasema, akakata. Kwa nyuma nilisikia sufuria zikigongana. Alikuwa na kazi zake.

Nilichemsha kitambaa safi, nikamimina bonge lile ndani yake, nikalining'iniza juu ya sinki mpaka jioni likachuruzika maji. Kilichobaki nikakipiga na sukari, nikatia jeletini. Kahawa niliiacha, uchachu ule na kahawa vilikuwa vinagombana. Biskuti haikushika. Chokoleti sikuthubutu kuigusa. Mchanganyiko nikautia kwenye bakuli lilelile la duara, na asubuhi ya Ijumaa nikaupindua kwenye sahani na kuumwagia karameli ya ndizi juu, ikateremka upande mmoja tu. Kilikuwa kitu cheupe, kimeinama kidogo, na nilikuwa nimekitengeneza mara moja. Sijawahi kutoka nyumbani na kitu nilichokitengeneza mara moja. Njiani kwenye bodaboda nilikuwa najisikia kama nimevaa nguo kinyume.

Shefu alionja.

"Moshi hakuna," akasema.

Akaonja tena. "Jeletini umezidisha." Akaendelea kula huku akimwelekeza mtu kuhusu vitunguu. "Hii ya ndizi ni nzuri." Msaidizi wake akachukua kijiko, safari hii akala kweli. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa friji kubwa, mikono nyuma, nikihesabu nyufa za kile kitu cheupe.

"Sahani arobaini kama hii utazitengeneza kwa saa ngapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Sita natengeneza kwa siku mbili," nikasema.

Msaidizi alicheka, siyo vibaya. Shefu naye akatabasamu, akafuta mdomo.

"Binti, kwenye vitindamlo namweka yule wa Mwanza. Mkono wake siyo mzuri kuliko wako, lakini anamaliza. Wewe nikikuweka pale, watu watakula chakula cha mchana halafu wasubiri mpaka Jumapili. Njoo kwenye kifungua kinywa. Saa kumi na moja alfajiri. Matunda na chapati za maji. Ukishazoea kufanya vingi kwa wakati, tutaongea."

Nikamwambia nitafikiria. Nilitoka mpaka getini, nikasimama pale na sanduku langu la barafu. Nilijaribu kufikiria nikaona hakuna cha kufikiria. Nilikuwa nimechoka mno hata kuumia vizuri. Mlinzi akaniuliza kama nimesahau kitu, nikasema ndiyo. Nikarudi ndani nikamwambia shefu nitakuja Jumatatu. Alikuwa ameshasahau kama nilikuwa sijajibu.

Jumapili baada ya ibada nikampigia bibi.

"Walikula?" akauliza.

"Walikula yale yaliyoganda."

"Nilikuambia hayatafika."

"Uliniambia."

"Na kazi wamekupa?"

"Wamenipa, Bibi. Ya kukata matunda."

Akalipima hilo.

"Matunda ndiyo uliyasomea kwenye simu miezi yote hiyo?"

"Hapana. Nilisomea mengine."

"Na papai ulikuwa unajua kukata tangu una miaka sita, nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi nenda ukakate," akasema. "Na usiwaambie watu kwamba maziwa yangu yananuka."

Nikamwahidi. Nikaweka simu dirishani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua bado kali, majirani wanaongea uani. Nililala na nguo za kanisani, na dada hakuniamsha.